Miguu Chini ya Shuka

Itumba,
12 Februari 2024

Kaka Jairo,

Shikamoo. Huku tupo, mvua imetunyeshea mpaka maharage yanaoza yakiwa bado shambani, lakini tunapumua. Gwantwa ameingia darasa la pili. Ameng'oka meno mawili ya mbele na sasa hataki kucheka mbele za watu. Shemeji yako Ipyana amepiga simu mara moja tu toka Kitwe tangu Krismasi. Anasema mgodini wanawafanyisha zamu mbili. Nimesikia mguu wa mama bado unavimba. Ukifika Isansa mwambie aache kupalilia, shamba halitamkimbia.

Naandika badala ya kupiga kwa sababu ileile. Simu ya hapa nyumbani ni ya mama mkwe, na akikupa uzungumze anaweka sauti ya nje, halafu anakaa pembeni anachambua mboga. Barua nampa Danford wa Hiace. Yeye hasomi hata vibao vya barabarani, sembuse barua za watu.

Sasa nikuambie jambo, na usicheke. Hapa kumeanzishwa chama cha filamu. Mzee Tuntufye, yule aliyestaafu upimaji wa ardhi, amerudi na projekta na mzigo wa filamu za zamani za Hollywood, nyeusi na nyeupe, za wakati bibi yetu yuko msichana. Wamepewa ghala la zamani la kahawa. Wanaziba madirisha kwa magunia, wanatundika shuka jeupe kati ya nguzo mbili, na kila Jumamosi ya pili saa tisa alasiri wanaonyesha, mpaka mwisho wa Juni. Wenyewe wanauita Msimu. Filamu ni za Kiingereza, kwa hiyo lazima awepo mtu wa kuwasemea wale watu kwa Kiswahili. Na mtu huyo ni Mzee.

Unajua Mzee gani, baba mkwe. Jina lake siwezi kuliandika hata kwako. Miaka tisa napika chakula chake na sijawahi kumwona uso. Akitaka kupita uani anakohoa, mimi najificha jikoni. Ndiyo mazungumzo yetu yote, kikohozi. Jumamosi nilipita nyuma ya ghala na ndoo kichwani, nikamsikia. Alikuwa mwanamke, akawa jambazi, akawa hakimu, akawa farasi. Watu walikuwa wanacheka mpaka wanagonga mabenchi. Nilisimama pale mpaka shingo ikaniuma.

Nataka kuingia, kaka. Nakuuliza wewe kwa sababu baba hayupo, na siku ya mahari wewe ndiye uliyesimama ukasema Ferista atashika desturi za nyumba hii. Unamkumbuka Nesta, mke wa shemeji mkubwa. Alikutana na Mzee uso kwa uso kwenye njia ya kisimani, bahati mbaya tu, wakamrudisha kwao Hasamba wiki ileile na watoto wakabaki. Mimi nina Gwantwa. Niambie kama kuna njia.

Mdogo wako,
Ferista


Tunduma,
27 Februari 2024

Mama Gwantwa,

Marahaba. Barua yako ilifika na tone la mafuta ya gari katikati, nikadhani umelia. Sisi wazima. Foleni ya malori imerudi mpaka kule kwenye mizani, na mimi ofisini nagonga mihuri ya forodha mpaka naota mihuri. Madereva wa Zambia wanaingia na "mulishani" zao, nawajibu "bwino", wanadhani najua Kibemba, wanaanza kunieleza shida za ndoa zao. Wifi yako Jenista anakusalimu; tumbo limekuwa kubwa, tunategemea Juni. Mama nilimwona. Mguu umepungua, ila nilimkuta na jembe mkononi. Anasema alikuwa analihamisha tu.

Kuhusu filamu: hapana. Ukiingia ghala hilo mkweo Mwalimu Nikodemo akiwa amesimama mbele, kesho yake uko Isansa na sanduku, na mtoto unamwacha. Mimi ndiye nitakayeitwa kusemewa mbovu. Sisi wa Mbozi huwa tunalegeza haya mambo, lakini umeolewa kwenye nyumba isiyolegeza, na tulijua.

Lakini nimekufikiria siku tatu nzima. Unakumbuka gari la sinema la watu wa afya lililokuja Isansa? Uwanja ulijaa, wewe na mimi tukakaa nyuma ya kitambaa, na picha tuliiona vilevile, ila imegeuka. Kama ghala lina mlango wa nyuma na shuka linapitisha mwanga, kaa upande huo. Kutakuwa na kitambaa kati yako na yeye. Hakuna mzee anayeweza kusema mmeonana.

Usimwambie mtu kwamba mimi ndiye niliyekufundisha ujinga huu.

Jairo


Itumba,
8 Aprili 2024

Kaka Jairo mwenye akili,

Shikamoo mara mbili. Wazima huku. Maharage tuliyookoa yametosha mbegu. Gwantwa ameota jino moja, limekuja pembeni. Mpe Jenista pole ya mzigo, aache kuinama inama.

Nimeona tatu! Ghala lina stoo nyuma, na ufunguo wa stoo anao mfagizi, mjane mmoja anaitwa Tabita. Nilimweleza shida yangu, akasema, "Mimi sina mkwe wa kumwogopa wala mtoto wa kunyang'anywa. Ingia." Ananifungulia kabla watu hawajafika, halafu anakaa nje mlangoni anapukuchua mahindi. Mtu akija anakohoa. Huku Ileje naona wote tunaishi kwa vikohozi.

Nyuma ya shuka, kaka, dunia yote imegeuka. Kila mtu anaandika kwa mkono wa kushoto. Maandishi yanatembea kinyumenyume, ila Kiingereza changu kilivyo sijapoteza kitu. Jumamosi ya kwanza ilikuwa ya mchunga ng'ombe aliyekataa kuuza farasi kipofu. Ya pili ya wakili aliyemtetea mtu aliyemwibia mkewe. Ya juzi ilikuwa ya mwanamke mpiga kinanda aliyesubiri barua miaka saba, na barua ilikuwa imeanguka nyuma ya kabati la posta. Mama mmoja huko mbele alisimama akaitukana posta.

Shuka linaishia magotini. Chini yake naona miguu ya Mzee, kwa sababu anakaa kwenye kiti ubavuni kabisa, ameegemea nguzo. Viatu vyeusi, cha kushoto kimeshonwa soli kwa uzi wa bluu. Akisema maneno ya jambazi kisigino kinapanda. Akisema ya mwanamke anakutanisha miguu, kama bibi harusi. Pakiwa na huzuni ananyamaza kabisa, miguu inatulia, na watu wote wananyamaza naye. Amewafundisha hivyo.

Sasa sikiliza hili. Filamu ya pili alisema, "Mwizi ni yule wa kushoto." Akaongeza, "Kwa mwenye kukaa upande mwingine wa shuka, ni yule wa kulia." Watu wakacheka, wakadhani ni utani wake. Juzi amefanya tena, mara nne. Anajua nipo, Jairo. Miaka tisa hajanisemesha, na sasa kila Jumamosi ya pili ananionyesha kulia na kushoto. Nilijifunika kanga nikalia pale kwenye magunia, na filamu yenyewe ilikuwa bado haijafika pa kuliza.

Nina furaha. Nimeandika ili ukumbuke kwamba nilisema.

Ferista


Tunduma,
26 Aprili 2024

Ferista,

Marahaba. Nimefurahi kwa ajili yako, na nimeogopa. Kama yeye anajua, mwingine naye atajua. Tuntufye ana macho. Wauza karanga mlangoni wana macho zaidi. Usiende kila mara. Ruka moja. Na usimkumbatie huyo Tabita hadharani; mjane anayekaa peke yake husemwa, na ukikaa naye utasemwa pamoja naye.

Jenista amelazwa siku mbili kwa shinikizo la damu, ametoka, anakula udongo kuliko chakula. Mama anauliza Ipyana anarudi lini. Nimemwambia karibuni. Ni uongo, lakini amelala vizuri.

Kaka yako


Itumba,
22 Mei 2024

Kaka Jairo,

Shikamoo. Poleni na hali ya wifi.

Mzee alianguka Jumamosi tarehe 18 ghalani, filamu ikiendelea. Hospitali wamesema ni kiharusi. Upande wa kushoto wote umelegea na ulimi hausemi. Daktari aliuliza alikaa muda gani kabla ya kuletwa. Hakuna aliyejua. Amerudishwa nyumbani jana, yuko chumba cha mbele, mama mkwe ndiye anayemlisha. Mimi napika uji, naufikisha mlangoni, narudi.

Msimu umesimamishwa. Ipyana ameambiwa kwa simu, anaomba ruhusa.

Gwantwa mzima.

Ferista


Tunduma,
3 Juni 2024

Mdogo wangu,

Poleni sana kwa ugonjwa wa Mwalimu. Tumeomba kanisani kwa ajili yake, na mama ameomba Isansa. Jenista amejifungua mapema, mtoto wa kiume, mdogo lakini analia kwa nguvu. Tumemwita Ombeni.

Nimesoma barua yako mara nyingi kuliko urefu wake. Wewe ukinunua chumvi unaniandikia ukurasa mzima. Sasa Mzee ameanguka, umeandika mistari michache kama taarifa ya kata. Umesema watu wote walikuwa wapi, ila wewe.

Siulizi. Nimesema tu nimeona.

Kaka yako Jairo


Itumba,
19 Juni 2024

Kaka Jairo,

Shikamoo. Hongereni kwa Ombeni. Gwantwa anauliza kama ana meno. Kahawa tumeanza kuchuma, Ipyana amenyimwa ruhusa, na mama mkwe amekonda mpaka kitenge kinamzunguka mara mbili.

Kuna jambo hapa kijijini. Yule muuza karanga, Watson, amesema siku Mzee alipoanguka aliona shuka linatikisika na upepo haukuwapo. Akasema alimwona Tabita akitoka kwa mlango wa nyuma haraka, na kitu amekificha kwenye kanga. Basi. Kwanza ilikuwa maneno ya kisimani. Sasa wanasema Tabita alikaa nyuma ya shuka akamfunga Mzee ulimi. Juzi wazee wa ukoo walimwita, wakamuuliza kama palikuwa na mtu nyuma ya shuka. Alijibu, "Alikuwapo mtu, lakini si wangu kumtaja." Wakasema huyo mtu ni shetani wake. Watoto wanamrushia mawe kuku wake. Kanisani benchi lake anakaa peke yake.

Kaka, ulisema huulizi. Nitakujibu hivyohivyo.

Nilikuwapo. Ilikuwa filamu ya mama mwenye nyumba ya wageni aliyemficha mhalifu kwenye stoo ya viazi. Polisi akagonga mlango, na Mzee akanyamaza, kama anavyonyamaza siku zote ili watu waogope. Lakini mimi niliona miguu. Kiatu cha kushoto kiligeuka polepole mpaka soli ikatazama juu, na uzi wa bluu ukaonekana wote. Mguu ukalala kwa ubavu. Halafu maji yakashuka kwenye soksi yakatandaa sakafuni. Mbele hakuna aliyejua, kwa sababu palikuwa giza na nguzo ilikuwa imemshika. Nilijua peke yangu.

Nilitaka kupiga kelele, nikatafuta jina la kuita, na jina lake halijawahi kupita mdomoni mwangu. Nilishika pindo la shuka ninyanyue, nikakumbuka kwamba uso uko upande wa pili. Nikamwona Nesta, nikamwona Gwantwa amekaa mlangoni ananisubiri. Polisi wa kwenye filamu akapanda ngazi, akakagua vyumba vitatu, akashuka, akakaa akanywa chai, akamuaga mama, akaondoka. Muda wote huo, Jairo. Na sitaki nikudanganye wewe: kwa sehemu ya muda huo nilikuwa naangalia kama yule mtu wa kwenye viazi atakamatwa.

Mwisho Tuntufye akasema, "Mwalimu, mbona umetuacha?" Watu wakacheka. Ndipo wakawasha taa. Mimi nikatoka nyuma, na Tabita akafunga mlango, akaondoka na mahindi yake kwenye kanga.

Kitu alichoficha ni mahindi.

Hajanitaja. Tulikutana kisimani, akapita bila kunisalimu ili watu wasituone pamoja. Nikienda kusema, naondoka hapa na Gwantwa anabaki. Nisiposema, sijui watamfanya nini. Niambie la kufanya, na uniambie upesi.

Ferista


Tunduma,
25 Juni 2024

Ferista,

Nyamaza.

Nimeandika neno hilo kwanza ili ulione hata kama karatasi itachanika. Nyamaza kabisa. Mwalimu hatapona kwa wewe kusema. Daktari mwenyewe amesema ni kiharusi, na maneno ya wauza karanga yatapoa, yanapoaga siku zote. Tabita ni mtu mzima, ataenda kukaa kwa ndugu miezi miwili, atarudi watu wamesahau. Wewe ukisema watakurudisha siku hiyohiyo, tena watasema ulimwangusha mkwe wako kwa kumtazama. Gwantwa atalelewa na nani? Mama atasikia, na unajua hali yake.

Wazo la kukaa nyuma ya shuka lilikuwa langu. Lawama ya hapo niachie mimi. Choma barua hii, na ile yangu ya Februari kama unayo.

Jairo


Tunduma,
4 Julai 2024

Ferista mdogo wangu,

Sijasubiri jibu lako. Nimemkimbilia Danford stendi nimpe hii mkononi.

Jumapili nilikwenda Isansa na mtoto ili mama ambariki. Alipokuwa amempakata nikamweleza yote. Nilidhani atalia, au ataniunga mkono, maana yeye ndiye anayekupenda kuliko sote. Alisikiliza mpaka mwisho. Akauliza kitu kimoja: "Huyo Tabita ana nani?" Nimekuandikia kwamba atakwenda kwa ndugu, na sijui hata kama ana ndugu. Niliyabuni ili nipate pa kumalizia barua.

Mama akanirudishia mtoto akasema, "Mwambie mwanangu aseme. Nyumba ipo, na nguvu za kumpokea ninazo."

Basi sema. Nenda kwa wazee na uwaeleze yote. Waambie kaka yako ndiye aliyekushauri, na niko tayari kuja kusimama mbele yao kwa tarehe watakayotaka. Gwantwa tutampigania, kuna ustawi wa jamii, kuna mahakama, hatuko porini. Barua yangu ya wiki iliyopita niliiandika kwa woga. Nilikuwa naiogopa aibu yangu, nikaiita usalama wako.

Usingoje Ipyana. Usingoje mtu yeyote.

Jairo


Itumba,
30 Julai 2024

Kaka Jairo,

Shikamoo. Mbusu Ombeni. Mwambie mama nimesikia alichosema.

Barua yako ya kwanza niliipata tarehe 27 Juni, gari halikuchelewa hata saa moja. Ya pili nimeipata tarehe 22 Julai. Danford alikuwa ameshaiweka kwenye gari, injini ikafa kabla hajatoka Tunduma, na gari likakaa gereji siku kumi na saba na barua ndani yake. Ameniomba radhi kama mtu aliyekanyaga mtoto. Hakuna anachojua.

Jumapili ya tarehe 14, watu wakiwa ibadani, nyumba ya Tabita ilichomwa. Alikuwa ndani, kwa sababu alikuwa ameacha kuja kanisani. Mlango ulifungwa kwa waya kwa nje. Tuliona moshi tukiwa kwenye wimbo wa pili, tukadhani mtu anachoma mabua. Wanaume walipofika walimtoa akiwa hai. Alikufa Jumanne hospitalini. Tulimzika Alhamisi, tulikuwa watu kumi na mmoja, na mzee Tuntufye ndiye aliyeshika koleo muda mrefu kuliko wote. Polisi walikuja, wakauliza, wakaandika. Hakuna aliyeona mtu. Mama aliuliza ana nani. Alikuwa na dada mmoja Isongole, kipofu, aliyeletwa kwa pikipiki akafika tukiwa tumeshafukia.

Sikulaumu, na usijilaumu kwa ajili yangu. Barua iliyosema nyamaza niliisoma mara moja tu nikafurahi. Ilisema nilichotaka kusikia. Ningepata ile nyingine siku ileile sijui kama ningeitii. Nilikuwa na wiki mbili na nusu za kutembea mpaka kwa wazee wa ukoo, na ni hatua mia tatu. Kila siku nilisema kesho, nikimaliza kuanika kahawa.

Tarehe 25 nilikwenda. Walikaa watano, nami nikapiga magoti mlangoni, kanga imenifunika mpaka kidevuni. Nikasema yote. Kwamba mtu wa nyuma ya shuka ni mimi, kwamba Tabita alikuwa nje anapukuchua mahindi, kwamba niliona miguu ya Mzee inakufa na sikumwita mtu. Nikasema mmemuua mwanamke aliyekuwa ananifichia siri. Nikasubiri wanitamkie hukumu.

Walinong'ona. Halafu yule mkubwa wao akaniuliza, "Ulimwona uso?"

Nikasema, "Hapana. Miguu tu."

"Shuka lilikuwa katikati muda wote?"

"Ndiyo, baba."

Nikawasikia wanapumua, kaka. Wote watano. Akasema, "Basi huna kosa, binti yetu. Umeshika desturi vizuri sana. Rudi jikoni, mzee wako atataka uji."

Hicho tu. Jambo nililoliogopa tangu Februari halikuwapo. Ningesema siku ileile ghalani, ningesema Juni, ningesema siku yoyote, wangeniuliza swali hilohilo na ningejibu hivyohivyo, na Tabita angekuwa anafagia ghala sasa hivi. Nilimuuza kwa kitu ambacho hakuna aliyekuwa ananidai.

Wakaanza kuzungumza habari ya bei ya mbolea nikiwa bado nimepiga magoti.

Nilinyanyuka, nikavuka uani, sikukohoa, nikafungua mlango wa chumba cha mbele nikaingia. Mama mkwe alikuwa anamlisha. Nilitoa kanga kichwani nikamtazama Mzee usoni. Ana kovu dogo juu ya jicho, na masikio makubwa kama ya Ipyana. Mdomo umekwenda upande mmoja. Alitaka kugeukia ukutani, mwili ukamkatalia, basi akafumba macho kwa nguvu. Nikamwambia, "Baba, Tabita wamemchoma moto, na mimi niliweza kuwazuia sikuwazuia. Na wewe pia nilikuona ukianguka." Mama mkwe alikuwa anapiga mayowe, bakuli limemwagika. Mzee hakufumbua macho. Sijui kama alikuwa ananiheshimu au alikuwa amenikataa. Nimemtazama mpaka waliponivuta nje.

Wamekaa kikao kingine jioni hiyohiyo. Nimerudishwa kwetu. Ipyana amekubali kwa simu, kwa sauti ya nje, nimemsikia mwenyewe. Gwantwa anabaki. Anajua, hajalia mbele yangu, amekataa tu kula. Njoo Jumamosi asubuhi, na uje na namba ya hao ustawi wa jamii uliowataja, kwa sababu sitakubali abaki, nitarudi kwa ajili yake hata kama ni kwa miguu.

Ukifika watakueleza kosa langu, na utalisikia kwa vinywa vitano. Watakuambia nimefukuzwa kwa kumtazama mkwe wangu usoni. Ni kweli. Kuhusu Tabita hakuna aliyeniuliza neno, mpaka leo ninapoandika.

Mdogo wako,
Ferista